Mnara wa antena uliokaa nje zaidi ya miaka 20: naweza kuusimamisha tena nyumbani?

Swali: "Nina leseni ya redio ya ridhaa (ya kuwasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara) na kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia antena ya waya niliyoifunga kwenye mti. Mzee mmoja aliyenifundisha mambo ya redio anahama, na ameniambia nichukue mnara wake bure ikiwa nitaushusha mwenyewe. Ni wa pembe tatu, upana wa sentimita 30, miguu yake ni paipu. Una vipande sita vya mita 3, yaani mita 18 kwa jumla. Kwake umefungwa nyaya pande tatu na umesimama zaidi ya miaka 20. Kwa mbali unaonekana mzima, ila chini una kutu na paipu moja ina tundu la kuingia kidole. Nimepanga kupiga msasa, kuchomelea kiraka kwenye tundu na kupaka rangi ya mafuta. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita 16 kwa 25. Nitachimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina cha mita 1, nimwage zege na kusimamisha mita zote 18 bila nyaya, maana watoto wanacheza hapo. Juu nitaweka antena ya Yagi (ile ya fito kadhaa zinazoelekezwa upande mmoja) ya 14 MHz. Mke wangu anasema mnara utatuletea radi ndani ya nyumba. Nani ana haki?"

Jibu:

Ndugu yangu, swali lako limebeba maswali manne: kama chuma hicho bado kinafaa, kama mita 18 zinaweza kusimama bila nyaya, kama shimo ulilopanga linatosha, na kama radi itaingia ndani. Nitayapitia yote. Lakini lipo la tano ambalo hukuliuliza, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Mnara bado umesimama kwa mzee, mguu wake mmoja umetoboka, na wewe umeambiwa uushushe mwenyewe. Kwa hali uliyoieleza, usiupande. Wala usimtume kijana mwepesi apande "mara moja tu" kulegeza antena.

Mnara unaweza kusimama miaka mingi ukiwa umeshaoza kwa chini, kwa sababu siku za kawaida mzigo wake ni mdogo: uzito wake wenyewe unaoshuka wima, na nyaya zinazovuta sawa pande zote tatu. Mtu akipanda, hesabu inabadilika. Uzito wake unakaa upande mmoja, anayumba akipambana na bolti iliyoshikwa na kutu, kisha antena inang'oka na kuning'inia kwenye kamba ya upande mmoja. Mguu uliokuwa ukibeba kidogo unajikuta umebebeshwa mzigo ambao haujawahi kuuona tangu upepo mkubwa wa mwisho. Na kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kulegeza nyaya za kushikilia huku mtu akiwa bado juu na hakuna nyaya nyingine za muda zilizofungwa chini yake.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kupeleka kwa mzee ni koleo. Fukua udongo kuzunguka miguu yote mitatu hadi uone chuma kinapoingia kwenye zege. Safisha kwa brashi ya waya, kisha gonga kwa nyundo ndogo kuanzia chini hadi mkono unapofika. Paipu nzima hulia kwa mlio mkali unaodumu kidogo. Paipu iliyoliwa hutoa mlio mfu, na wakati mwingine nyundo inaacha kishimo pale pale. Kwa mguu wenye tundu jibu tunalo tayari, lakini unahitaji kujua hali ya miwili iliyobaki kabla ya kumwita mtu.

Mnara wa namna hii hushushwa na watu wenye gari la kuinulia mafundi au kreni, ili aliye juu awe amefungwa kwenye chombo, siyo kwenye mnara wenyewe. Kama gari halifiki, mzoefu wa kazi ataimarisha kwanza mguu ulioliwa na kufunga nyaya za muda, na hilo si jambo la kujifunzia kwenye makala. Najua neno "bure" linaanza kupoteza maana hapa. Heri lipoteze maana sasa.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Minara ya aina hii, kipande kikishachomelewa kiwandani, hutumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka yenye joto la karibu nyuzi 450. Zinki inashikana na chuma, nje na ndani ya paipu. Wengi hudhani ni aina ya rangi tu, lakini inafanya zaidi ya kufunika: zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo kwenye mnara mpya haushiki kutu. Zinki iliyo jirani inajitoa kwa niaba ya chuma kilichobaki wazi. Ukiona rangi ya kijivu iliyofifia au unga mweupe, zinki bado iko kazini. Ukiona kahawia, ya mahali hapo imekwisha na sasa kinacholiwa ni chuma.

Hayo ni ya nje, yanayoonekana. Ya ndani ndiyo yanayoangusha minara. Maji ya mvua hupenya kwenye maungio ya vipande, na unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya paipu inapopoa usiku. Yakiwa na pa kutokea chini, hayana madhara makubwa. Lakini watu wengi huzika miguu ya kipande cha chini kwenye zege tupu, bila njia ya maji, na kila mguu unakuwa chupa iliyosimama. Maji yanakaa humo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tundu uliloliona halikuanzia nje. Kutu imekula kutoka ndani hadi ikatokeza, na ukuta wa paipu unaolizunguka umebaki mwembamba hata pale ambapo kwa nje bado unang'aa. Mahali pengine pa kutazama ni mstari ule ule wa ardhi, pale chuma kinapotoka kwenye udongo, kwa sababu hapo maji na hewa vinakutana kila siku.

Sasa unaona kwa nini siafiki kiraka cha kuchomelea. Utakuwa unachomelea chuma kipya juu ya ukuta uliokwisha, na moto utaunguza zinki iliyobaki pande zote mbili. Ya nje utaweza kuirudishia kwa rangi ya zinki. Ya ndani hutaifikia. Joto pia hupinda kipande, na kipande kilichopinda milimita chache chini kinaleta mnara ulioegemea juu. Isitoshe, moshi wa zinki inayoungua humpa fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye, jambo ambalo mafundi wa kuchomelea wanalijua vizuri. Kipande cha chini kiache kwa mzee, ndani ya zege lake. Hata kisingetoboka, kipande kilichokwisha kuzikwa sikiziki mara ya pili.

Rangi ya mafuta nayo ina kasoro ambayo haisemwi dukani. Mafuta yaliyomo hukutana na zinki na kutengeneza kitu kama sabuni chini ya tabaka la rangi, na baada ya muda rangi hubabuka vipande vipande. Hapo katikati ya maganda maji hujificha vizuri zaidi kuliko kama usingepaka kitu. Penye kutu ya juu juu, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, futa vumbi na mafuta, kisha paka rangi yenye unga mwingi wa zinki, mikono miwili. Penye zinki nzima pasafishe tu na upaache. Kama mnara uliwahi kupakwa rangi zamani, usiisugue kavu kabla ya kuipima, kwani rangi nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na risasi. Ipo pia njia ya kupeleka vipande kiwandani vikachovywe upya. Ni nzuri, ila mwambie mwenye kiwanda kwamba ni paipu, na akague matundu ya kupumulia: unyevu ulionaswa ndani ya paipu iliyozibwa hulipuka ukiingia kwenye zinki ya moto.

Kabla ya kupaka chochote, chagua. Laza kila kipande juu ya vigoda viwili kwenye mwanga mzuri. Mulika tochi upande mmoja wa mguu, chungulia upande wa pili. Inamisha kipande na uangalie kinachodondoka: vumbi kidogo la kahawia si neno, lakini magamba ya kutu yakimwagika, weka kipande pembeni. Gonga kila mguu urefu wote. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha kando ya kila mguu uone kama umenyooka. Paipu iliyovimba au kupasuka kwa urefu imekwisha, kwani kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila na husukuma kutoka ndani. Piga brashi kila mahali fito za mshazari zilipochomelewa kwenye miguu, kisha tafuta mstari mwembamba wa kutu kando ya chomeleo. Mara nyingi huo ni ufa. Matundu ya bolti yaliyogeuka umbo la yai yanaonyesha kwamba kiungio kimekuwa kikicheza kwa muda mrefu. Ukiweza kumpata mtu mwenye kifaa cha kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, mlipe apime miguu yote, hasa sentimita 30 za mwisho za kila kipande. Na chungulia vizuri kabla ya kuingiza kidole. Nyigu wanazipenda sana paipu hizi.

Bolti, nati na nyaya zote za zamani, tupa. Siyabembelezi hayo hata kama yanaonekana mapya. Nunua bolti za daraja lile lile la nguvu alilotaja mtengenezaji, zilizochovywa kwenye zinki.

Kwa makadirio yangu, ukikataa kipande cha chini na kukitilia shaka cha pili, utabaki na vinne vizuri. Mita 12. Usisikitike mapema.

Watu huwaza uzito wa antena, kumbe uzito ndio mdogo wa matatizo. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: upepo ukienda mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kwa kilomita 72 kwa saa, kila mita moja ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 25. Kwa kilomita 144 kwa saa, ni karibu kilo 100. Yagi yako ya 14 MHz tuseme ina eneo la nusu mita ya mraba. Katika upepo huo mkali inasukumwa kwa kilo 50. Haionekani kuwa nyingi, hata mtoto mkubwa ana uzito huo.

Lakini kilo 50 zikisukuma kwenye ncha ya mita 18 zinaleta chini nguvu ya kupindua ya 18 mara 50, yaani kilo-mita 900. Mnara wako una upana wa sentimita 30, na kutoka mguu mmoja hadi uso ulio mkabala ni kama sentimita 26. Gawanya 900 kwa 0.26 upate karibu kilo 3,500. Tani tatu na nusu zinabana mguu mmoja, na nguvu ya kiasi hicho inaing'oa miwili ya upande wa pili. Sijahesabu upepo unaoupiga mnara wenyewe, ambao huenda ukazidi ule wa antena. Mzee hakufunga nyaya kwa urembo. Mnara mwembamba wa upana ule ule chini hadi juu umebuniwa usimame kwa nyaya. Minara inayosimama yenyewe ni jamii nyingine: ina miguu minene na hutanuka kadiri inavyoshuka.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa shimo lako. Sentimita 60 kwa 60 kwa mita 1 ni mita za ujazo 0.36, na zege lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo utapata jiwe la kilo 860 hivi. Likitaka kupinduka litaegemea ukingo wake, sentimita 30 kutoka katikati. Uzito wake unapinga kwa kilo-mita 260, wakati antena peke yake inaleta 900. Udongo utasaidia kiasi, ila ukilowa hutaweza kuutegemea. Mnara huo ungekaa vizuri miezi yote ya utulivu, kisha ungeng'oka na jiwe lake usiku mmoja.

Vipi kuhusu kuupunguza urefu? Kwa antena ya mlalo, pembe ambayo mawimbi yanaondoka kwayo hutegemea urefu ukilinganishwa na wimbi lenyewe. Wimbi la 14 MHz lina mita 21 hivi. Ukiweka antena kwenye nusu ya hapo, nguvu kubwa inaondoka kwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Kwenye mita 12 ni karibu nyuzi 26, na kwenye mita 18 ni kama 17. Pembe ya chini hufika mbali zaidi, kwa hiyo sitakuficha kwamba mita 18 ni bora kwa mabara ya mbali. Ila kutoka waya wako wa mtini hadi Yagi ya mita 12 ni hatua kubwa kuliko kutoka mita 12 hadi 18. Kwa masafa ya juu, kama yale ya 144 MHz, upeo wa redio kutoka mita 12 ni kilomita 14 hivi, na kutoka mita 18 ni kilomita 17 na nusu. Ongezeko la nusu ya urefu linakupa robo tu ya ziada.

Na uwanja wako wenyewe umeshaamua. Nanga za nyaya hukaa vizuri zikiwa mbali na mnara kwa karibu asilimia 80 ya urefu wake, pande tatu zenye nafasi sawa. Kwa mita 12 ni mita 9.6, na pembetatu nzima inahitaji mita 16.6 kwa 14.4. Inaingia kwenye mita zako 25 kwa 16. Kwa mita 18 ungehitaji karibu mita 25 kwa 21.6, na hapo utakuwa umechimba nanga kwa jirani. Ukizisogeza nanga karibu mno na mnara, nyaya zinauvuta chini zaidi ya zinavyouzuia kuinama, na miguu inabanwa bure.

Tumia waya wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hii, kwa unene anaotaja mtengenezaji wa mnara. Kamba za nailoni hurefuka zikivutwa, hazifai. Kila waya uvutwe kwa karibu asilimia 10 ya nguvu inayoukata. Waya unaokatika kwa kilo 1,800 uvutwe kwa kilo 180, upimwe kwa kipimo badala ya kuukadiria kwa mkono. Ukitumia vibano vyenye umbo la U, tandiko la kibano likae upande wa waya unaobeba mzigo na ile U ikae kwenye mkia. Ukigeuza, U inauponda waya pale pale unapobeba. Skrubu za kukazia zipitishiwe waya mwembamba wa kuzizuia zisijifungue zenyewe kwa mtetemo.

Watoto ni sababu nzuri ya kufikiri, lakini siyo ya kuondoa nyaya. Vika kila waya bomba la plastiki la rangi kali hadi kimo cha mtu mzima, na zungushia nanga kitu kinachoonekana. Ninachokiogopa zaidi kwa watoto ni mnara wenyewe. Kwao ni ngazi. Funika pande zote tatu kwa mabati laini au mbao hadi karibu mita 3 kutoka chini, uzifunge ili zifunguliwe kwa ufunguo tu.

Kuhusu msingi wa mnara wenye nyaya, kazi yake kubwa ni kubeba mzigo unaoshuka, kwa hiyo hautakuwa mkubwa kupita kiasi; nanga ndizo zinazopigana na upepo nazo zinahitaji zege lake na nondo zake. Vipimo vichukue kwenye michoro ya mtengenezaji, au kwa mhandisi kama michoro imepotea, kwani udongo wa mfinyanzi na mchanga havishiki sawa. Tandaza kokoto chini ya shimo na miguu ya kipande kipya cha chini isimame juu ya kokoto hizo, ncha zikiwa wazi, ili maji ya ndani yapate pa kushukia. Ukimwaga zege na kuziba ncha, umeanzisha tena ugonjwa ule ule. Nondo zisiguse udongo, ziwe na zege la kama sentimita 7 na nusu kila upande. Juu ya msingi pawe na mwinamo maji yatiririke. Hakikisha kipande kiko wima kwa pima maji pande mbili kabla zege halijashika, kisha liweke likiwa na unyevu na ulipe muda. Baada ya siku 7 huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu yake, na hesabu za wahandisi hutegemea siku 28. Subiri hizo 28.

Sasa radi. Mke wako ana haki nusu, na nusu hiyo ni muhimu. Kitu kirefu kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa mahali radi inapotua, na hakuna fimbo wala dawa itakayoizuia. Asichokijua ni kwamba unaweza kuchagua njia itakayopita. Mkondo wa radi ya kawaida ni wa maelfu ya ampea, mara nyingi kama 30,000, na unatafuta ardhi kwa kila njia iliyopo kwa wakati mmoja. Mnara usio na ethi nzuri (njia ya kupeleka umeme ardhini) unaipa njia moja iliyonyooka: kebo ya antena inayoingia sebuleni. Wapo wanaosema ethi ndiyo inayoita radi. Hapana, ethi inaipa pa kwenda ikishafika.

Kila mguu uwe na waya wake mnene unaokwenda kwenye fimbo ya ethi ya kama mita 2.4, fimbo zikiwa zimeachana kwa angalau urefu wa fimbo moja. Waya uende umenyooka, bila kona kali, maana mkondo wa ghafla namna hiyo haupendi kona. Shaba isiguse zinki ya mnara moja kwa moja, kwa sababu vikilowa pamoja shaba huimaliza zinki haraka. Weka kibano cha chuma kisichoshika kutu katikati. Kebo zote zipitie vizuia radi mahali pamoja pa kuingilia nyumbani. Jambo linalosahaulika kuliko yote ni hili: ethi ya mnara na ethi kuu ya umeme wa nyumba ziunganishwe. Zikiachwa mbili tofauti, radi ikipiga moja inapanda volti na nyingine inabaki chini, na tofauti hiyo inapita ndani ya redio yako, au ndani ya mtu aliyeishika. Muungano huo afanye fundi umeme mwenye leseni. Na mawingu yakijikusanya, chomoa kebo na uziache nje ya ukuta. Ukifanya hivyo mkeo atalala, na redio yako pia.

Hukutaja nyaya za umeme. Pima leo umbali wa laini iliyo karibu na mahali unapotaka kusimamisha. Uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wote, pamoja na mlingoti na antena. Kwa mita 12 na mlingoti wa mita 1.5 juu yake, ni mita 20 na ushee. Kama hazitoshi, badilisha mahali au uache. Sina maelewano kwenye hilo.

Leseni yako ya redio inakuruhusu kurusha mawimbi, haikuruhusu kujenga. Uliza mamlaka ya ujenzi ya eneo lako, uliza watu wa usafiri wa anga kama uwanja wa ndege uko karibu, na umweleze mwenye bima ya nyumba kabla, si baada.

Kusimamisha mita 12 kipande kwa kipande kunahitaji mlingoti mfupi wenye kapi unaofungwa kwenye mnara, na mtu mzoefu juu mwenye mkanda wa mwili mzima na kamba mbili, ili moja iwe imefungwa wakati wote anapohamisha nyingine. Mkanda wa kiuno peke yake haufai tena, hata kama ndio mzee alioutumia. Walio chini wavae helmeti na wasisimame chini ya mzigo. Hujawahi kufanya kazi hii, kwa hiyo mara ya kwanza uwe wewe ndiye unayevuta kamba chini, na aliyepanda awe mtu mwingine.

Mhandisi wa miundo utamhitaji kwa hakika kama michoro ya mtengenezaji haipatikani, kama udongo wako ni laini au una maji, au kama utashawishika kuufunga mnara kwenye ukuta wa nyumba badala ya nyaya, kwani kuta nyingi hazikujengwa zivutwe kwa pembeni. Ukimwendea, mpelekee upana wa mnara, kipenyo na unene wa paipu uliopimwa, idadi ya vipande vilivyopita ukaguzi, eneo la antena linalopigwa na upepo kama lilivyoandikwa na mtengenezaji wake, na maelezo ya udongo uliouona ulipochimba mita moja na nusu. Akikuambia kimoja kati ya vile vinne nacho hakifai, simamisha mita 9 kwa vitatu vilivyobaki, weka Yagi yako, na uingie hewani.